Ukoko wa Halua ya Mbarouk

Hapo zamani, zamani ile ambayo hakuna aliyeiona lakini kila mzee huisimulia kana kwamba iliomba ruhusa yake kabla ya kutokea, palikuwa na mji mdogo kisiwani, jina lake Ndambani. Mji ulikuwa na misikiti mitatu, visima saba, wasemaji wa mambo ya wenzao wasio na idadi, na sufuria moja ya halua.

Moja tu. Sufuria ya shaba, pana, mtu mzima angeweza kuoga ndani yake na viwiko visiguse ukingo. Ilikuwa wakfu wa mji mzima. Hukabidhiwa mpishi mmoja, naye huwapikia watu halua ya Idi zote mbili na ya Maulidi. Ikimharibikia mara tatu mfululizo, sufuria huhama.

Na ilikuwapo mila. Siku ya kupika, wanga ukishaingia katika maji ya sukari, mpishi huachwa peke yake. Hasemeshwi, hasogelewi, hachunguliwi, mpaka halua iive, na halua haiivi chini ya saa tano. Watu wa Ndambani waliamini kwamba neno la mtu likidondokea ndani ya halua halitoki tena. Aliyeruhusiwa kukaa na mpishi ni mmoja tu, nao walimwita mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia umeshika mwiko. Huyo hukaa kwenye mkeka wa mpishi, akampangusa jasho, akazungumza naye, akanyamaza naye.

Mkono wa kushoto alipatikanaje? Halua ikitoka njema, mpishi huubandua ukoko wa chini, mzima, mviringo kama sinia, akampa mtu mmoja mbele ya mji na kutamka alichotendewa na mtu huyo. Basi, hapo wameshafungana mpaka mmoja wao afe. Ukoko haugawanywi. Mpishi akiugawa, maana yake hana mtu, na asiye na mtu haachiwi sufuria.

Mpishi wa Ndambani wakati huo alikuwa Mbarouk, na kwa miaka ishirini na miwili mkono wake wa kushoto ulikuwa mkewe, Zuwena.

Mbarouk alikuwa mtu mwema, mkono wake ulijua halua, lakini alikuwa na wasiwasi tangu tumboni mwa mama yake. Mvua isiponyesha alihofia ukame. Ikinyesha alihofia paa. Ikikatika alihofia imekatika kwa nini. Akialikwa harusini aliogopa kuchelewa, akiwahi aliogopa wenyeji wangemwona mlafi, akiketi aliogopa kwamba alipoketi ni mahali pa mtu. Zuwena hakuwahi kumtibu. Alimwambia neno moja tu, siku zote, kwa sauti ile ile: "Koroga." Naye Mbarouk hukoroga.

Mwezi wa Rajabu Zuwena akafa.

Ikaja Idi Ndogo. Mbarouk akatia wanga, watu wakaondoka, akabaki na sufuria na mkeka wenye nafasi tupu. Haukupita muda akakumbuka hakufunga mlango wa nyumba. Akaweka mwiko chini, akakimbia, akakuta mlango umefungwa, akarudi. Halua ilikuwa imegeuka madonge ya kumtupia mwizi. Ikaja Idi Kubwa. Safari hii mlango aliufunga kwa kamba na kufuli, lakini katikati ya kukoroga akawaza: na kama moto umefika nyumbani, nitaingiaje? Akakimbia tena. Halua ikaungua, harufu ya moshi wake ikasikika hadi mji wa pili.

Ikabaki Maulidi, miezi mitatu mbele. Msimamizi wa wakfu alimjia, mzee mpole, akamwambia bila kumtazama usoni kwamba ikiharibika ya tatu, sheria ni sheria. Binti wa Mbarouk, Ruzuna, aliyeolewa kijiji cha mwendo wa nusu siku, akamletea salamu kwamba aiache sufuria, ahamie kwake, alee wajukuu. Mbarouk alilifikiria jambo hilo kwa siku tatu bila kulala vizuri. Alijua kitu kimoja: sufuria ile ndiyo sababu ya watu kumwamkia. Bila ya sufuria, yeye ni mjane mwenye hofu anayekula wali wa juzi. Basi, akaanza kuzurura. Baraza hii, baraza ile, tangu asubuhi hadi magharibi, asikae nyumbani. Na kila baraza alipokaa aliondoka na hofu mpya kama mtu anayetoka sokoni na kikapu.

Siku moja akafika kwa Bi Mafunda.

Bi Mafunda alikuwa mkunga. Nusu ya mji ilipita mikononi mwake ikiwa uchi, kwa hiyo hakuwa na haya na mtu yeyote. Akamsikiliza Mbarouk hofu zake kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa, kisha akaleta mabakuli mawili na mfuko wa komwe za kuchezea bao.

"Haya mwanangu, taja hofu moja, shika komwe moja," akasema. "Kama dawa yake imo mkononi mwako, tia bakuli la kulia. Kama haimo, la kushoto."

Mvua kunyesha siku ya kupika? Kushoto. Kuni kuwa mbichi? Kulia, kaanike. Watu watasema nini? Hapo Mbarouk akaigeuza komwe mara mbili kiganjani, mwisho akaitia kushoto. Kufa? Kushoto. Iliki kuwa ya mwaka jana? Kulia. Alipomaliza, la kushoto lilikuwa limefurika, la kulia lina komwe sita.

"Mimi nachemsha maji, nanawa, namshika mama mgongo," akasema Bi Mafunda. "Mtoto anakuja mwenyewe. Ningetaka kumleta kwa nguvu zangu, ningekuwa nimeua wengi. Chukua sita zako, nenda. Hizi niachie, nitachezea bao."

Mbarouk akaondoka mwepesi. Mwepesi mno, kwa kweli, maana mtu asiyezoea dawa hunywa chupa nzima. Wiki iliyofuata akaletewa habari kwamba Ruzuna ana homa kali. Akatoa komwe moja, akaitupa upande wa kushoto, akaendelea kunywa kahawa. Watu barazani wakatazamana. Habari zikamfikia Bi Mafunda, naye akaja mbio na kanga begani.

"Homa haimo mkononi mwako," akamwambia. "Na miguu je?"

Mbarouk akatazama miguu yake kana kwamba ameiazima. Akaondoka siku ile ile, akamuuguza mwanawe siku tano, akarudi amekonda lakini ameelewa.

Hata hivyo, alipofungua mlango wa nyumba yake na kukuta kimya, akaufunga tena kwa nje. Hofu zilikuwa zimepungua, lakini nyumba ilikuwa bado tupu. Atakaaje saa tano na sufuria, mtu asiyeweza kukaa saa moja na kitanda chake? Akaenda kumtafuta Ngwali.

Ngwali alikuwa mchimba visima. Mtu wa maneno machache, kwa sababu siku nzima hushinda chini ya ardhi, na huko hakuna wa kumjibu. Mbarouk akamuuliza anawezaje. Ngwali akainuka. Akamwonyesha kisima kipya, kikavu bado, kina cha watu wanne waliosimamiana mabegani, akamfunga kamba kiunoni, akamteremsha. Kisha akaivuta kamba juu.

Mbarouk alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Kisha akaanza kuogopa kwa mpangilio. Aliogopa nyoka, aliogopa kisima kuporomoka, aliogopa Ngwali kufa ghafla na siri yake. Kumbe hofu nazo zina mwisho: alipofika kama ya arobaini akajikuta anarudia zile za kwanza, na zilipokuja mara ya pili zilikuwa zimechakaa. Akanyamaza. Akasikia mtu anapumua, akashtuka, kumbe ni yeye. Ndipo akamlilia Zuwena. Hakuwa amemlilia tangu azikwe, kwa maana msibani alikuwa na wasiwasi kama wali utawatosha watu. Akalia mpaka akachoka, kisha akakaa. Akatazama kile kiduara cha mbingu juu, kikapitisha wingu, kikapitisha ndege, kikapitisha wingu. Hakutaka kitu. Kwa muda gani, hakujua.

Ngwali naye hakujua, kwa sababu alikuwa amemsahau. Alikuwa amepita kwenye hitima ya jirani, akakuta pilau, na pilau ina namna yake ya kumfutia mtu kumbukumbu. Alirudi alasiri anakimbia, mkono bado una mafuta. Akamkuta Mbarouk ameegemea ukuta wa kisima, anatabasamu peke yake.

"Nisamehe, ndugu yangu," akasema Ngwali, akimvuta.

"Usingekuja ningekaa," akajibu Mbarouk.

Ngwali akaikunja kamba, akafikiri, kisha akasema maneno mengi kuliko yote aliyowahi kusema mwaka ule. "Watu hulikimbia giza. Wewe ulikuwa unamkimbia Mbarouk. Sasa mmeshaonana."

Tangu siku hiyo Mbarouk akaanza kulala nyumbani, kula nyumbani, na kujipikia chai ya mtu mmoja. Alikuwa ametulia. Lakini, enyi wasikilizaji, kutulia si kufurahi. Hata jiwe limetulia. Alikaa mlangoni, hana hofu kubwa, hana raha yoyote, na halua aliyoijaribu kwenye kijungu kidogo ikatoka laini, haina kosa, na haina ladha. Bi Mafunda alionja akasema ni kama kula mto wa kulalia.

Hapo ndipo alipotokea Machano.

Machano alikuwa amepika katika meli za watu, na kwa maneno yake mwenyewe alikuwa ameziona bandari kumi na saba na kufukuzwa katika kumi na nane. Alirudi Ndambani na sanduku lenye kofia moja ndani. Hakuna aliyempa kazi. Yeye alipita mlangoni kwa Mbarouk kila asubuhi kuomba kahawa, na kila asubuhi alilipa kwa mchezo mmoja.

"Hebu tuseme," huanza Machano, "tangu jana huna meno."

Mbarouk alikataa mara ya kwanza, kwani kumwambia mwenye wasiwasi afikirie mabaya ni kumwongezea kuni. Machano akamwambia tofauti ipo. "Wewe huogopa yatakayokuja. Mimi nakuambia yamekuja, yamekwisha, haya kaa nayo kidogo." Basi, Mbarouk akafumba macho, akawa hana meno. Akaufikiria ubuyu, kashata, mahindi ya kuchoma, vyote vikimtazama tu. Machano akahesabu mpaka ishirini, kisha akasema: "Haya, yamerudi." Na akampa kipande cha kashata. Mbarouk alikitafuna kana kwamba ameletewa kutoka peponi.

Kesho yake hana macho, kisha macho yanarudi, na ukuta wa jirani wenye ukungu ukawa mzuri ajabu. Keshokutwa hana Ruzuna. Hiyo ilimuuma, akataka kumpiga Machano, lakini binti aliporudi akilini aliondoka pale pale akenda kumwona, akamchukulia papai. Watu wakaanza kumsikia Mbarouk akicheka barabarani. Wengine wakasema sasa ndiyo kichaa kimekamilika.

Siku ya Maulidi ikafika. Asubuhi mapema Mbarouk akawasha kuni za mkarafuu, kavu, alizozianika mwenyewe. Akachemsha sukari, akatia wanga. Watu wakaondoka. Msimamizi wa wakfu akaondoka wa mwisho, akaufunga ua.

Mbarouk akakoroga. Saa ya kwanza likatanda wingu zito juu ya ua. Akalitazama, akalitupa katika bakuli la kushoto la moyo wake, akasogeza kuni chini ya paa, akakoroga. Saa ya tatu kimya kikamjia. Upande wa pili wa mkeka ulikuwa mtupu, na safari hii aliutazama. Akapumua, akajisikia anapumua, akamkumbuka Zuwena machozi yakashuka hadi shingoni, mwiko usisimame. Akakoroga.

Saa ya tano akatia samli ya mwisho. Hapa ndipo halua inapoamuliwa. Huonekana imegoma: inang'ang'ania sufuria, inafuka, rangi inakolea upesi. Mpishi mwenye moyo huendelea, nayo huachia na kuitema samli. Mpishi mwenye hofu huona inaungua, huvuta moto, na halua hubaki uji mzito milele. Mbarouk akaona inaungua. Alikuwa na hakika. Mkono ukakakamaa, akainama, akashika gogo la kwanza alitoe jikoni.

Nyuma ya ua ikasikika sauti ya mtu anazungumza na mbuzi.

"Ewe beberu," ilisema, "hebu tuseme halua ya Mbarouk imeungua. Imekuwa mkaa, na sufuria imeshachukuliwa. Kesho asubuhi wewe utakula nini? Majani. Na yeye? Atakunywa kahawa na mimi, na itabidi anunue yeye. Haya, endelea kula."

Mbarouk akaliacha gogo. Akaiona halua imeshaungua, sufuria imeshakwenda, na yeye amekaa mlangoni na kikombe, na jua ni lile lile. Cheko likamtoka kifuani, mkono ukalainika, akakoroga. Mara tatu, mara nne, mara tano. Halua ikaachia. Ikazunguka sufuriani kama kitu kimoja, ikang'aa, na samli ikatoka pembeni.

Baada ya sala ya alasiri mji mzima ulikuja. Halua ikaonjwa, na watu wakaramba vidole wakasahau kusengenyana, jambo ambalo Ndambani halijawahi kutokea. Msimamizi wa wakfu akafumba macho, akameza, akasema sufuria imebaki ilipo. Kisha akamkabidhi Mbarouk upawa bapa wa kubandulia. Ukoko ukatoka mzima, mwekundu, mviringo, unanukia iliki na kungumanga. Mbarouk akauweka juu ya sinia.

"Taja mtu wako," akaambiwa.

Mbarouk akainua macho. Bi Mafunda alikuwa amesogea mbele. Ngwali alikuwa amesogea mbele. Machano alikuwa amesogea mbele, na kofia yake ya sandukuni kichwani.

Bi Mafunda akaanza, kwa kuwa ni mkubwa. Alisema mtu huyu alimjia akiwa na hofu mia, yeye akamwachia sita. Bila ya hivyo angekuwa bado anafungua na kufunga kufuli. Mwenye hofu mia asingetulia kisimani wala asingecheza na meno yake.

Machano akamkumbusha kwamba dawa yake nusura imfanye mtu asimuuguze mwanawe. Bi Mafunda akamjibu kwamba aliyempa dawa ndiye aliyekuja kumsahihisha, tena kwa miguu, na magoti haya ya kizee.

Ngwali akasema kwa ufupi. Mila inamtaka mpishi akae peke yake. Aliyemfundisha kukaa peke yake ni nani?

"Wewe hukumfundisha, ulimsahau," akasema Bi Mafunda. "Mwalimu wake ni pilau."

Watu wakacheka, na Ngwali akainamisha kichwa, lakini hakurudi nyuma. Akasema kweli alimsahau. Na kama angemkumbuka mapema, angemtoa mapema, na Mbarouk asingefika alikofika.

Machano akasema hao wawili walimpa mtu utulivu, naye utulivu aliutia kwenye kijungu na halua ikawa mto wa kulalia, Bi Mafunda mwenyewe shahidi. Aliyemrudishia ladha ni yeye. Na pale gogo lilipokwisha kushikwa, bakuli halikuwapo na kisima hakikuwapo, palikuwa na yeye tu.

Msimamizi akauliza kama hajui kwamba mpishi hasemeshwi. Machano akasema anajua vizuri, ndiyo maana alisema na mbuzi. Msimamizi akafikiri sana. Mwisho akasema mila haikutaja mbuzi, kwa hiyo hilo ataliamua Mbarouk mwenyewe.

Hapo mzaha ungeweza kwisha, kila mtu akala halua. Lakini Bi Mafunda akashusha sauti. Alisema amepokea watoto wa mji huu miaka hamsini, kila mama humshukuru Mungu, kisha humshukuru mumewe, na yeye hurudi nyumbani na beseni lake. Hajawahi kutajwa mbele ya watu. Ngwali akasema wanakunywa maji yake katika visima vyote saba, lakini wanapoinama kuchota wanaziona sura zao tu. Na Machano, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisema neno bila kulipinda, akavua kofia.

"Kumi na nane, Mbarouk," akasema. "Hakuna hata bandari moja iliyoniambia kaa."

Mbarouk akasimama na sinia. Ukoko ulikuwa bado una joto, akausikia vidoleni. Akauwaza mkeka wake, na Idi inayokuja, na saa tano. Akimketisha Bi Mafunda, kila hofu itakayoinua kichwa itaulizwa kabila lake na kurudishwa ilikotoka, na mara moja moja atakaripiwa, na anahitaji kukaripiwa. Akimketisha Ngwali, watanyamaza wawili, kimya cha kushiba. Akimketisha Machano, atacheka mpaka samli imwagike. Na yeyote atakayemketisha, wawili watarudi nyumbani mikono mitupu, na huenda kesho wasipite mlangoni kwake. Mtu aliyeogopa upweke maisha yake yote alikuwa amepata watu watatu, na mila ilimtaka abaki na mmoja.

Watu wakasubiri. Ukoko ukaanza kupoa, na ukoko ukipoa huvunjika wenyewe.

Mbarouk akainua mguu apige hatua mbele.

Nami nimekuacheni naye hapo, sinia mkononi, mguu mmoja hewani, kwa sababu kila nilipoisimulia hadithi hii wasikilizaji waligombana kabla sijamaliza, na mara moja nilinyimwa chakula. Yuko aliyemwondolea mzigo, yuko aliyemfundisha kukaa na nafsi yake, yuko aliyemfanya afurahi nayo. Bila ya wa kwanza asingemfikia wa pili. Bila ya wa pili asingemfungulia wa tatu mlango. Bila ya wa tatu wale wawili wangekuwa wamefanya kazi bure. Basi, semeni ninyi, upesi, kabla ukoko haujapoa: kati ya Mafunda, Ngwali na Machano, nani alistahili kuketi kwenye mkeka wa Mbarouk?